Rodaji

Sanduku lilitoka Kasumbalesa na misumari yake,
mbao zikinuka chumvi ya bandari nisiyoijua.
Tuling'oa upande mmoja kwa mtaimbo:
magurudumu manne, vinyweleo vya mpira bado vimesimama,
rangi ya njano ya pilipili mbuzi iliyoiva,
na kwenye kioo cha mwendo, sifuri tupu.

Mujinga alikuwa ameshavaa kofia.
"Yaya Numbi, leo nafika Kipushi mu dakika makumi mbili!"
Leo hufiki popote, nikamwambia.
Leo unakwenda mpaka kichuguu kile, unarudi.

Alinitazama kama mtu aliyelipia nyama
akaambiwa anuse tu.

Sikiliza. Ndani ya silinda kuna pete, na kuna ukuta.
Havijuani.
Vilichongwa mbalimbali, vikafungwa pamoja gizani,
na chuma unachokiona laini
kina vilima vyake na makorongo yake
ambayo kidole hakiyasomi.
Ukiwasha ukaiacha ingurume hapa mlangoni bila kazi,
ukuta utageuka kioo, pete zitateleza,
na injini itakunywa oili mpaka uzeeni
kama mjomba wangu wa Likasi, ambaye si oili aliyokunywa.
Ukiikaba koo siku ya kwanza, itaungua.
Basi ipe mwinuko mdogo, halafu iachie.
Robo gesi. Nusu. Robo. Achia.
Usishike mwendo mmoja
kama mtu anayesali rozari usingizini.

Akaenda. Vumbi jekundu likamfuata taratibu,
halikuwa na haraka, nalo.
Watoto wa Katuba wakamzomea: hata baiskeli ya makaa ilimpita,
magunia matatu, mwenyewe akisukuma kwa miguu.
Akarudi amenuna, jasho puani.
Zima, nikasema. Ngoja.

Tulikaa juu ya mbao za sanduku.
Chuma kikipoa kilikuwa kikisema tik,
kinanyamaza, kinafikiri, tik.

Baba yangu alikuwa mtu wa tanuru.
Tanuru jipya, alisema, halilishwi shaba.
Kwanza kuni, kama jiko la mke wako.
Kesho yake kuni zaidi. Kisha makaa,
kwa kijiko, siku baada ya siku,
mpaka matofali yatoe maji yao yote
na yakubaliane na moto.
Siku tisa. Mwaka mmoja wakubwa walitaka tani
kabla mwezi haujaisha, wakasema siku tatu zatosha.
Lilipasuka saa nane za usiku.
Baba alirudi nyumbani na sikio moja.
Hakumtukana mtu. Alisema: matofali hayasomi kalenda.

Mujinga akaigeuza kofia mikononi.
"Na lile sikio lingine?"
Lilimtosha. Akiwa kitandani
alijua gari la nani linapita barabara ya pili,
na bujia ipi imechoka.

Tik.

Siku ya nne nilifungua kizibo cha chini,
oili ikashuka kwenye bakuli la plastiki
nyeusi, na ndani yake
unga wa fedha ukizungukazunguka
kama samaki wadogo mno.
"Imeharibika," akasema, sauti imekauka.
Nikachovya kidole, nikamsugulia kwenye kiganja chake.
Haikukwaruza.
Hapana, dada. Ni kile walichotoa
ili wakae nyumba moja.
Hakijarudi, wala hakitarudi.

Jumamosi alivuta gesi yote.
Niliisikia ikipanda, gia ya tatu, ya nne,
safi, bila kikohozi,
mpaka nyuma ya kile kilima cheusi cha takataka za shaba
sauti ikawa uzi, ikakatika.

Mimi nilibaki mlangoni na bakuli lile.
Lilikuwa limetulia, linang'aa chini.
Mwanangu akauliza: tumwage wapi?
Nikamwambia angoje kidogo.